Bubu Mlangoni

9 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kile kiti chako kilichochanika ngozi ambacho hutaki kitengenezwe, unatafuta mtu wa kugombana naye. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, jioni linapona, hasa wageni wakija. Anauliza kwa nini kaka yake hapokei simu siku hizi. Nimemwambia unaamini simu ni ya kutangazia misiba, akasema basi nikupigie nitangaze wake, labda utapokea. Mimi nina kikohozi kidogo tu. Kazini hakuna neno.

Kabla sijaingia kwenye shida yangu, niache niringe kwanza. Tangu nikiwa shule ya bweni ulikuwa unanirudishia kila barua yangu imechorwachorwa kwa wino mwekundu, utadhani imetoka vitani. Usahihishaji wa gazeti ulikuingia damuni, ukasahihisha mpaka kadi ya harusi yako mwenyewe. Lakini huu mwaka mzima sasa hujanirudishia hata moja. Nikikumbuka ulivyonitaka niache kuandika kwa mkono, niwe napiga chapa, eti mwandiko wangu ni kuku aliyekanyaga wino, naona nimehitimu. Mzee Nukta ameishiwa makosa! Ningejua ni rahisi hivi ningekuwa napiga chapa tangu darasa la tano.

Sasa shida. Unaujua ule mfumo wa kompyuta niliokuwekea mwaka juzi, ule wa bure, unaotengenezwa na watu wa kila pembe bila kuwa na mwenyewe. Kila baada ya miezi kadhaa linatoka toleo jipya, na kabla halijatoka, sisi wa kujitolea tunalijaribu. Desturi yetu ni hii: kitu kikibadilishwa, lazima watu watatu waandike kwenye ukurasa wa kikundi, "nimejaribu, inafanya kazi." Mmoja akiandika "haifanyi kazi," kinasimama mpaka pingamizi lake lijibiwe. Mimi niko kikundi cha sauti, ile programu inayosoma kilichoandikwa kwenye skrini. Tuko wachache. Na wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayeiwasha ile sauti kila siku, kwa uvivu tu, eti unapenda kusomewa kama mfalme.

Nimekuwekea flashi humu ndani ya bahasha. Ichomeke, washa kompyuta, toleo jipya litachukua nafasi ya la zamani lenyewe. Kisha tuandikie ulichokiona. Mwezi wa tatu kikundi kinachagua kiongozi, na mimi nimejitokeza. Toleo hili likitoka kwa wakati na bila aibu, nafasi ni yangu. Usiniulize ina faida gani. Ina faida.

Mpwa wako,
Kidomo

27 Januari

Kidomo,

Marahaba. Mimi mzima. Kiti nacho kizima. Mpangaji wangu wa chumba cha mbele, yule kinyozi, bado ananyoa watu vibaya na bado wanarudi; sijui ni huruma au ni kusahau. Mwambie mama yako goti linalopona wageni wakija si goti, ni tabia. Simu sipokei kwa sababu kila anayenipigia anaanza na "hebu kisia ni nani," na mimi mitihani nilishamaliza.

Barua yako nimeipata, nikacheka mpaka kinyozi akaja kuchungulia. Hebu nikuelewe. Mnakwenda kazini, mnarudi mmechoka, halafu badala ya kulala kama watu wenye akili, mnakaa kutafuta makosa ya mtu msiyemjua, tena bure. Mimi nimetafuta makosa ya watu maisha yangu yote, lakini nililipwa, na kila mwisho wa mwezi nilinung'unika kwamba nalipwa kidogo. Nyinyi hata hicho cha kunung'unikia hamna. Na juu ya hayo mnagombea uongozi! Kiongozi wa watu ambao hakuwaajiri, akiwafokea wanazima kompyuta wanakwenda zao. Uliwahi kuniambia mnapeana na vinyota, mtu akijaribu sana anawekewa kinyota kando ya jina lake. Vilemba vya ukoka hivyo, mwanangu. Afadhali hata ukoka wenyewe, mbuzi anakula.

Na hiyo desturi yenu ya watatu isikutie kiburi. Gazetini nako kila ukurasa ulipita kwa wasahihishaji watatu. Wa kwanza alipitisha haraka kwa sababu wa pili yupo. Wa pili alipitisha kwa sababu wa kwanza ameshapitisha. Wa tatu alikuwa anakunywa chai. Siku moja ukapita ukurasa unaomtangaza meneja wa benki kuwa marehemu, na sahihi tatu chini yake, na meneja akaja mwenyewe na miguu yake kuuliza maziko ni saa ngapi.

Hata hivyo nitaijaribu, kwa sababu wewe ni mtoto wa dada yangu, na kwa sababu sauti hiyo nimeizoea. Inasoma kama karani mwenye mafua, lakini haiongezi ya kwake.

Umesema kazini hakuna neno. Zamani ulikuwa unaniandikia kurasa mbili za kumsengenya mkuu wa idara yenu hapo chuoni. Amekufa, au ametubu?

Mjomba wako

20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Hapa wote wazima, goti nalo lipo. Kikohozi kimekaza kidogo, usiku kinanikalisha, lakini usimwambie mama kwamba nimekuandikia hilo. Mkuu wa idara hajafa. Kazini hakuna neno.

Mjomba, umenifanyia nini?

Nimefungua ukurasa wa kikundi asubuhi, nakuta tayari watu watatu wameandika kwamba sauti inafanya kazi, na mimi mmojawapo. Chini yao, kwa jina la Mzee Nukta, nakuta haya: "Bubu mlangoni. Haifanyi kazi. Anayesema inafanya kazi na aige mfano wake, anyamaze. Rudisheni ya zamani." Basi! Hakuna maelezo, hakuna "habari zenu," hakuna hata aina ya kompyuta. Toleo zima limesimama kwa ajili ya mistari miwili ya matusi.

Nimekutetea bila kusema kwamba ni mjomba wangu. Nimewaambia huyu mzee labda anamaanisha ukurasa wa kuingilia, ule unaokuomba neno la siri kabla kompyuta haijafunguka. Tumejaribu tena sote. Tunawasha, tunaandika neno la siri, tunaingia, na sauti inasema "Karibu" vizuri kabisa, kisha inasoma kila kitu. Mmoja baada ya mwingine wameandika: "Kwangu inafanya kazi." Kwangu pia inafanya kazi. Wamekuomba utume picha ya skrini kama ushahidi, hujajibu.

Kama hapo mlangoni inachelewa kusema, si utazame tu skrini uandike neno lako uingie? Kwani lazima usomewe hata mlango? Uvivu nao uwe na mpaka.

Nakuomba ulifute lile pingamizi. Uchaguzi umebaki wiki chache. Wanaosimamia mradi mzima wanatuangalia, na mimi nahitaji waone kwamba najua kumaliza kazi. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo. Futa tu, Mjomba wangu.

Kidomo

8 Machi

Kidomo,

Marahaba. Kinyozi anakupa pole ya kikohozi. Anasema ujifukize mvuke wa maji moto. Wateja wake nao wanakupa pole, na mmoja, dereva wa lori, anasema mvuke ni upuuzi, uende hospitali upigwe picha ya kifua. Wamebishana juu ya kifua chako mpaka mtu akanyolewa sikio.

Sifuti.

Umeniandikia "kwangu inafanya kazi" mara nyingi kiasi kwamba nimeanza kuiona ni dini. Kwako inafanya kazi, hongera. Je, nilisema kwako haifanyi? Ningekuwa nimeandika gazetini kwamba mvua imenyesha, ungenijibu kwamba kwako kukavu? Watu wa ajabu nyinyi. Mnaomba mtu awaambie alichokiona, akiwaambia mnakwenda kutazama mlichokiona nyinyi, mnarudi kumwambia yeye ni mwongo.

Nimewasha hiyo kompyuta. Feni inavuma. Baada ya hapo kimya. Ya zamani ilikuwa inasema, "Andika neno la siri," nami naandika, na kila herufi inanihesabia kwa mlio, nikimaliza najua nimemaliza. Hii yenu imenyamaza. Najuaje kama imeamka? Najuaje inaniuliza nini? Nimeandika neno langu mara nyingi, sijui linaangukia wapi. Hata yale ya kwenye ukurasa wenu ilibidi nimtajie kinyozi ayaandike kwa simu yake. Na neno langu la siri simpi mtu aniandikie, hata kinyozi, hasa kinyozi.

Mnataka na picha ya skrini. Picha ya ukimya! Mkishaipata mtaitundika wapi? Kama mnataka ushahidi, niwatumie picha ya kinyozi akiwa amefunga domo, hiyo ndiyo haijawahi kupatikana.

Jambo moja. Kwa sasa usiniandikie mambo ya ndani. Wala usiniulize kwa nini. Niandikie habari za hali ya hewa, zinatosha.

Mjomba wako

25 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hali ya hewa ni nzuri. Mama mzima. Kazini hakuna neno.

Barua yako nimeisoma kwa shida, maana siku hizi unaandika kama unagombana na karatasi pia. Mistari inapanda kama ngazi, miwili imelaliana moja juu ya nyingine, na sahihi yako nusu imebaki kwenye meza yako. Na wewe ndiye uliyeniambia mimi kuku.

Nakuandikia kukujulisha tu. Pingamizi likikosa ushahidi, kikundi kinaweza kulitupa kama kuna mtu anayemjua mwandishi na yuko tayari kusema. Nimesema. Nimewaandikia wote kwamba Mzee Nukta ni mjomba wangu, kwamba ni mbishi wa kuzaliwa, kwamba anatumia sauti kwa uvivu na hajatazama skrini yake hata mara moja kwa sababu anapenda kushindana. Wamecheka sana. Pingamizi limetupwa, toleo limetoka, na mimi nimechaguliwa. Wasimamizi wameniandikia pongezi, na kuna mazungumzo ambayo yakienda vizuri yatanisaidia sana.

Umenichekea vinyota vyangu, Mjomba. Umewachekea watu wanaotengeneza kitu wakakupa wewe bure, ukakipokea, ukakitumia, ukawaita wajinga. Wewe unajua kutafuta kosa tu. Kushika upande wa pili wa mzigo hujui. Nimeumia, na nimeona nikuambie wazi badala ya kukupaka mafuta.

Halafu nina swali. Kikohozi changu nilikuandikia wewe. Kinyozi amejuaje? Dereva wa lori amejuaje?

Kidomo

2 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hujajibu, na sikulaumu.

Mama hajambo. Kikohozi kimekwisha, kiarifu na kituo cha malori. Kazini hakuna neno.

Nilikuwa namsomea mama barua yako ya mwezi wa tatu ili acheke na mimi, maana peke yangu ilikuwa hainichekeshi tena. Akataka kuushika ule ukurasa mwenyewe. Akaitazama ile mistari iliyolaliana, akaugeuza ukurasa, akautazama tena. Kisha akasema, "Baba yetu naye alianza hivi hivi. Kwanza miwani imeibwa. Halafu taa za siku hizi hazina nguvu. Halafu gazeti limekuwa la kipuuzi, hataki hata kulishika. Mpaka alipomimina chai kwenye kikombe ambacho hakikuwepo." Akanirudishia karatasi, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Ilikuwa Jumanne mchana. Nikaenda kwenye kompyuta yangu, nikaizima. Nikachukua taulo nikafunika skrini. Nikawasha.

Feni ikavuma, basi. Nikakaa mbele ya lile taulo kama mjinga, nasubiri niambiwe niandike neno la siri. Sikuambiwa. Nikaandika hivyo hivyo, nikabonyeza, kimya. Nikaandika tena. Kompyuta ni yangu, neno ni langu, na sikuweza kuingia. Nikalia, Mjomba, nakuambia ukweli, nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mimi.

Sote katika kile kikundi tuna macho. Tunajaribu sauti huku tunatazama. Tunaona kisanduku cha neno la siri, tunaandika, tunaingia, ndipo tunatega masikio. Mlangoni hakuna aliyewahi kusikiliza. Kikundi cha sauti kizima! Na mimi nikakuandikia, "si utazame tu skrini." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Hakuna adhabu unayoweza kuniandikia inayoifikia.

Nimewaambia wenzangu wafunike skrini. Wa kwanza kujibu, kabla hajafunika chochote, aliandika, "Kwangu inafanya kazi." Nikamwandikia maneno ambayo kiongozi hapaswi kuandika, ambayo bila shaka nimerithi upande wa mama. Wakafunika. Kisha mmoja mmoja wakaanza kuandika: bubu mlangoni, bubu mlangoni. Walitumia maneno yako. Nikalirudisha toleo nyuma, nikaandika wazi kwamba aliyelitupa pingamizi ni mimi, na kwamba nilisema nakujua wakati sikuwa nakujua. Uongozi nimeuachia. Yale mazungumzo na wasimamizi yamekwisha yenyewe.

Lakini na wewe! Neno moja tu, Mjomba. Ungeandika neno moja. Una maneno ya kumtukania kinyozi, goti la mama, meneja wa benki na kikundi kizima cha watu waliokaa kimya kwao, halafu hilo moja likakushinda? Tangu lini? Kumbe ndiyo sababu wino mwekundu ulikoma? Nami nikaringa!

Humu ndani kuna flashi nyingine. Aliyeharibu amerekebisha, na wawili wameshajaribu kwa skrini zilizofunikwa na kusema inafanya kazi. Wa tatu hayupo. Nimekataa kuwa wa tatu, na nimekataa mwingine yeyote. Nafasi hiyo inakusubiri.

Na sasa naandika kwa bwana kinyozi, maana najua ni wewe unayesoma hapa. Bwana kinyozi, habari yako. Asante kwa kumsomea mjomba wangu. Sasa fanya hivi. Chomeka hiyo flashi ubavuni mwa kompyuta. Bonyeza kitufe cha kuwashia. Mpe mjomba wangu barua hii mkononi. Halafu toka nje, ufunge mlango, ukanyoe watu.

Kidomo

23 Juni

Kidomo,

Marahaba. Nimepiga chapa mwenyewe, kwa hiyo mistari imelala inavyopaswa na huna cha kusema.

Kinyozi aliisoma barua yako mpaka alipojikuta ndani yake. Sijawahi kumsikia akisoma polepole vile. Akafika kwenye "ukanyoe watu," akauliza kama amalizie. Nikamwambia amemaliza. Akachomeka, akabonyeza, akatoka, na kwa heshima yake nasema mlango aliufunga, ingawa nilimsikia amesimama nyuma yake.

Feni ikavuma. Nikakaa. Nikajiambia wajinga hawa wameniletea bubu mwingine. Kisha yule karani mwenye mafua akasema, "Andika neno la siri."

Sitakuambia nilifanya nini. Kinyozi amelitangaza tayari, lakini yeye anatia chumvi.

Unauliza tangu lini. Jicho la kushoto tangu kabla hujaniwekea hiyo kompyuta, la kulia mwaka jana. Kwa hiyo, ndiyo, nilikudanganya kuhusu uvivu na ufalme. Kuku aliyekanyaga wino nilimsingizia pia. Skana, ile mashine inayoingiza karatasi kwenye kompyuta, haisomi mwandiko wa mkono, inasoma chapa. Nilikuwa nalaza barua yako juu yake, nafunga mlango, na karani ananisomea, mimi na wewe tu. Mlipomfanya bubu, ilinibidi nikusikie kwa domo la kinyozi, mbele ya watu waliopakwa sabuni. Alifika kwenye kikohozi chako akatoa maoni. Nilitaka nifukuze kodi na mwenye kuilipa. Ndiyo maana nilikuambia hali ya hewa. Nimeona aibu, Kidomo. Si ya macho, macho ni nyama tu yanachakaa. Aibu ya mtu aliyekula mshahara kwa kuona vikosa vidogo kuliko chawa, leo anapapasa ukuta kutafuta choo. Nilitaka ubaki mmoja asiyejua. Hiyo ndiyo faida ya mtu wa mbali.

Kura yangu nimeiandika kwenye ukurasa wenu, kwa mkono wangu mwenyewe: "Nimejaribu, inafanya kazi. Mlichelewa." Wameniwekea kinyota. Karani amenisomea: "Kinyota kimoja." Nimemwambia arudie. Usimwambie mtu.

Mwambie mama yako nitapokea simu yake. Aseme jina lake kabla ya kitu kingine chochote, asianze na goti.

Sasa kazi. Nilipopata mlango wangu, nilizitoa barua zako zote za miaka hii miwili ulizopiga chapa, nikazilaza kwenye skana moja baada ya nyingine. Zile za zamani karani anaanza kwa kusoma kichwa cha karatasi: jina la chuo, idara, sanduku la posta, anajikohoza, ndipo anafika kwa mjomba. Za mwaka huu hazina kichwa. Anaanza moja kwa moja na "Mjomba." Mkuu wa idara, uliyekuwa unamla nyama kurasa mbili, umemwacha salama. Jumanne mchana, saa ambayo watu wako kazini, wewe uko nyumbani unafunika kompyuta kwa taulo. Na huo uongozi wa watu wa bure, ambao uliutaka kiasi cha kuniuza mimi, ulisema una faida na usiulizwe faida gani.

Mwanangu, mimi ni kipofu. Si kiziwi.

Katika kila barua, mahali pale pale, umeandika: "Kazini hakuna neno." Nakurudishia zote humu. Nimechukua rula na ile kalamu nyekundu, nikapapasa mpaka pale nilipokadiria, nikapiga mstari chini ya maneno hayo. Kama mstari umeangukia pengine, wewe unajua ulipostahili kuangukia. Sahihisha, kisha niandikie upya. Sasa nasoma mwenyewe, na mlango umefungwa.

Mjomba wako